Kompyuta Badala ya Dekoda: Telekomande Iko Mikononi mwa Nani?

Kuko sifa moja inayotembea sana kati yetu siku hizi. Kijana amemaliza masomo, amerudi nyumbani Luberizi, Sange, Kiliba ama Uvira mjini, na jambo la kwanza analotuonyesha ni kwamba ameachana na dekoda. Amechukua kompyuta ya zamani, ameiunganisha na televisheni ya sebuleni, ameijaza filamu, na abonema ya kila mwezi imekufa. "Sasa niko huru," anasema. Wengine wanamupigia makofi, na kesho yake nao wanatafuta kompyuta ya okazio.

Mimi si adui wa ile mashini. Ninaona ni kitu kizuri, na hapa chini nitasema kwa nini. Lakini sisi watu tuliosoma tuko na kazi ya kupima kitu mbele ya kukisifu, sawa vile tunavyopima mbegu mbele ya kuipeleka shambani. Na huu uhuru wa kuacha dekoda, tukiupima vizuri, tutakuta kwamba mara nyingi bwana mmoja ameondoka na bwana mwingine ameketi kwenye kiti kilekile. Zamani kampuni njo ilichagua familia itazame nini jioni. Leo anachagua kijana wa nyumba ama, tukisema ukweli, muuzaji wa flashi kule sokoni. Mama, baba, dada na watoto wamebaki palepale walipokuwa.

Tuanze na mashini yenyewe, juu si wote wanaijua. Haiko na uchawi. Kompyuta yenye tundu la HDMI, ama VGA kwa televisheni za zamani, inatuma picha kwenye televisheni kwa kamba moja. Ndani yake unaweka programu ya kuchezesha video. Wengi wanatumia VLC. Wanaotaka kitu kinachofanana na televisheni ya kweli wanaweka Kodi, ambayo inapanga filamu kwa picha na majina na inakubali telekomande. Zote mbili ni za bure. Kiisha unahitaji diski kubwa. Saa moja ya video ya kawaida, si ile ya ubora wa juu, inachukua kama nusu GB hadi GB moja. Kwa hiyo diski ya GB 500 inabeba mamia ya masaa. Hiyo ni jioni nyingi sana.

Hiyo VLC iko na historia inayotuhusu sisi. Haikuzaliwa ndani ya kampuni. Ilianza mwaka 1996 kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, kule Ufaransa. Walikuwa wanataka mtandao wa kompyuta wenye mbio kwenye makao yao, na ili wapate sababu ya kuupata walitengeneza njia ya kupitisha televisheni ya satelaiti ndani ya mtandao, kusudi kila chumba kisihitaji sahani yake na dekoda yake. Mwaka 2001 programu ile ilitolewa kwa watu wote wa dunia bure. Angalieni vizuri tofauti na sisi. Wale wanafunzi walikuwa na malalamiko sawa na yetu juu ya sahani na dekoda, lakini walitafuta jibu la makao mazima. Sisi tunachukua matunda ya kazi yao na tunatafuta jibu la chumba kimoja, tena mara nyingi chumba cha kijana mwenyewe.

Sasa tufike kwenye feza, juu hapo njo kila mtu anaanzia. Tuseme nyumba inalipa dola 10 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 120. Tuseme tena kompyuta ya okazio imenunuliwa dola 100 na diski dola 40. Jumla 140. Baada ya miezi 14 mashini imejilipa, na kila mwezi unaofuata ni dola 10 zinazobaki mfukoni. Wewe weka namba zako, lakini njia ya hesabu ni hiyo. Kwa nyumba yenye watoto watatu wa kulipia minerval, hiyo si kitu kidogo, na mtu akisema kwamba kompyuta inaokoa feza, hadanganyi.

Lakini kuko kitu hesabu hii haionyeshi. Abonema, pamoja na ubaya wake wote, inafuata mfuko wa mkulima. Mpunga ukivunwa, unalipa. Miezi ya kungojea mavuno, unaacha, chaneli zinazimwa, na hakuna mtu anakudai. Kompyuta inaomba feza zote siku moja. Njo maana hapa kwetu mashini hizi ziko zaidi kwa mwenye mushahara, mwenye duka, ama mwenye ndugu Ulaya. Mkulima wa ekta nusu, ambaye angehitaji zaidi kupunguza matumizi, ni yeye mara nyingi hawezi kuingia mlangoni. Tukiandika kwamba "watu wanaacha dekoda", tuseme pia ni watu gani.

Na umeme? Tunaishi chini ya mto unaotoa umeme. Ruzizi I inafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, Ruzizi II tangu 1989, zote kule juu kati ya Bukavu na Kamanyola, na umeme wao unalisha miji ya nchi tatu. Lakini nyumba nyingi za vijiji vyetu bado zinaishi kwa pano ya jua. Basi tuchukue pano ya wati 100. Kwa jua la huku tupe masaa manne ama matano ya nguvu kamili kwa siku. Kwenye karatasi ni kama wati-saa 400 hadi 500, lakini njiani zingine zinapotea kwenye kamba, kwenye batri, na kwenye kile kisanduku kinachogeuza umeme wa batri kuwa wa volti 220. Tuseme unabaki na wati-saa 300 za kweli za jioni.

Televisheni ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 40. Kompyuta ya mezani ya zamani, ile ya sanduku kubwa, inakula kwa urahisi wati 80 ama 90. Pamoja ni kama wati 130. Gawanya 300 kwa 130: masaa mawili na kidogo, kiisha giza, na taa ya mtoto anayefanya kazi ya shule inazimika pamoja na filamu. Dekoda waliyoifukuza ilikuwa inakula wati 10 hadi 15 tu. Kwa hiyo yule ndugu aliyeweka sanduku kubwa sebuleni ameokoa dola na amekula umeme wa watoto. Na mtu hawezi kulipa umeme huo kwa franka, juu jua haliuzi zaidi ya lile lililowaka mchana.

Kuna njia nzuri zaidi, na huku ndiko sifa zingeenda. Kompyuta ndogo za aina ya Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012, zinakula kama wati 5. Pamoja na televisheni ni 45, na wati-saa zilezile 300 zinatoa masaa sita na zaidi. Kompyuta ya mkononi iliyovunjika kioo, ambayo hakuna mtu anataka kuinunua, inafaa pia: inakula kama wati 20, bei yake iko chini, na ikiwa batri yake bado inapumua, umeme ukikatika ghafla haizimiki hapohapo. Hiyo ni faida kubwa, juu kuzimika ghafla kila jioni njo kunaharibu diski. Tena tusisahau vumbi na joto la bonde letu. Kuanzia Juni mpaka Agosti feni ya kompyuta inavuta vumbi la barabara sawa mashini ya kusaga unga. Mashini isiyo na feni inaishi zaidi. Hizi ni hesabu ndogo ambazo mtu wa licence angepaswa kuzifanya mbele ya kumushauri jirani.

Tuseme basi mashini imechaguliwa vizuri, umeme unatosha. Jirani ameketi mbele yake. Kitu gani amepoteza?

Amepoteza saa ileile. Ninamaanisha kutazama jambo wakati linapotokea, pamoja na nchi nzima. Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, Leopards walicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Kodivaa. Wimbo wa taifa ulipokuwa unaimbwa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na mkono mwingine wakauweka kichwani, vidole viwili sawa bunduki. Walikuwa wanasemea vita vya mashariki, yaani sisi. Mechi tulipoteza bao 1 kwa 0, lakini watu wa huku hawakumbuki sana lile bao. Wanakumbuka ile mikono. Aliyekuwa mbele ya televisheni siku ile aliona dunia inalazimishwa kutuangalia. Aliyekuwa na diski ya GB 500 tu alikuwa anatazama filamu ya karate, na alipata habari kwa simu baadaye. Mtu akisema kwamba hiyo ni kitu kimoja, sikubali.

Na kutazama pamoja ni desturi ya huku, tena desturi yenye kovu. Tarehe 2 Julai 2010, lori ya mafuta ilianguka Sange, mafuta yakamwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kati yao kulikuwa watu waliokuwa wamejaa ndani ya nyumba ya video wakitazama Kombe la Dunia. Ninalitaja kwa heshima ya wafu wetu, na kwa sababu linatukumbusha ukweli huu: kwetu kioo hakikuwa kitu cha mtu mmoja. Mtu alitoa franka chache, akakaa kwenye benchi, akapiga kelele na wengine. Dekoda ya nyumbani ilipunguza ile benchi, lakini siku ya mechi mlango ulikuwa wazi na majirani waliingia. Mashini ya filamu haina siku ya mechi. Hakuna sababu ya jirani kuja leo zaidi ya kesho, na pole pole anaacha kuja.

Kuko dawa, na si ya gharama. Sahani ileile iliyobaki juu ya bati baada ya kuacha abonema bado inaweza kushika chaneli za bure za satelaiti, zile zisizofungwa kwa kadi. Kuna vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye kompyuta na kuifanya ishike mawimbi hayo. Kwa habari, redio bado inashinda wote: Radio Okapi inasema nasi tangu Februari 2002, na Kiswahili ni moja ya lugha zake tano. Anayetengeneza mashini ya nyumbani bila kufikiri juu ya habari amejenga nyumba isiyo na dirisha. Lakini wengi wanaong'oa sahani siku ya kwanza na kuiuza, kwa furaha ya kuonyesha kwamba wameachana nayo.

Sasa tufungue diski tuone kitu gani kiko ndani. Hapa njo uhakiki wenyewe unaanzia, juu televisheni inapimwa kwa kile inachoonyesha.

Diski nyingi nilizoziona zinafanana sawa mapacha. Filamu za vita za Marekani, karate ya Hong Kong, mfululizo wa mapenzi wa Ufilipino ama wa Kihindi, vichekesho vya Nigeria, muziki wa Kinshasa na wa Dar es Salaam. Nyingi ziko na sauti ya msimulizi juu yake. Kwa hiyo sanaa ya usimulizi sitasema vibaya. Uganda waliifanya kwenye nyumba za video, Tanzania walikuwa na Derek Mukandala, anayejulikana kwa jina la Lufufu, Kenya wako na DJ Afro, na Rwanda na Burundi wanaita filamu za namna hii agasobanuye. Msimulizi mzuri hatafsiri tu. Anamupa polisi wa New York jina la mtaa unaoujua, anamucheka mwoga, anaeleza kwa nini mama yule analia. Bibi yangu ambaye hakusoma Kifaransa wala Kiingereza anafuata hadithi mpaka mwisho. Paketi ya chaneli mia moja haikuwahi kumufanyia hivyo.

Shida ni kwamba chaguo lote limeachwa kwa yule anayejaza flashi. Yeye anafanya biashara, anaweka kile kilichouzwa wiki iliyopita. Si kosa lake. Lakini kijana wetu anakuja na flashi ya GB 32, anasema "nipakie", na hasemi nini. Anarudi nyumbani na paketi ya chaneli iliyotengenezwa na mtu mwingine, tofauti tu ni kwamba hii haina habari wala mpira. Tukisema tumetoka chini ya kampuni inayotuchagulia, kiisha tunafungua flashi bila hata kuuliza, tumebadilisha muuzaji tu.

Na tusifiche jambo lingine. Karibu vyote hivi vimenakiliwa bila mwenye kazi kujua. Sheria ya haki za watunzi iko kwetu tangu tarehe 5 Aprili 1986. Mtu wa Hollywood hatalia juu ya Luberizi, ninajua. Lakini kijana wa Uvira anayerekodi wimbo kwa feza zake, ama kikundi kinachocheza igizo kwa Kifuliiru, wimbo wao unapita kwenye flashi ileile, kwa bei ileile, na kwao hakuna franka inayorudi. Ndiyo hao wenye kutengeneza vitu vyetu, na mashini ya bure inawaua wa kwanza.

Tuulize pia nani anaiwasha. Dekoda ilikuwa na telekomande yenye namba. Mama alijua: namba fulani ni habari, namba fulani ni kwaya, namba fulani ni ule mfululizo wake. Mtoto wa miaka sita alijua. Kompyuta inafunguka kwa menyu ya Kiingereza ama ya Kifaransa, na neno la siri, na mafaili yenye majina sawa "film_2_final_nouveau". Kijana akienda Bukavu wiki mbili, televisheni ya nyumba imekufa wiki mbili. Akirudi, kila mtu anamuomba: "Papa, utuwekee kidogo." Amekuwa mkubwa wa jioni. Nimeona mama mwenye nyumba, aliyelipa nusu ya ile kompyuta kwa feza za mihogo, akiomba ruhusa ya kutazama. Mashini inayomufanya mwenye nyumba kuwa mwombaji, hata ikiwa ya bure, bei yake iko juu.

Na hii haitokani na ufundi. Kodi inakubali telekomande. Mafaili yanaweza kupangwa kwa makundi manne yenye picha: mpishi, mpira, msalaba, jembe. Neno la siri linaweza kuondolewa. Ni kazi ya mchana mmoja. Ikiwa haifanyiki, ni juu aliyetengeneza alijitengenezea mwenyewe.

Nimesema nitaeleza kwa nini ninaipenda mashini hii. Ni kwa sababu inaweza kubeba vitu ambavyo hakuna kampuni ya chaneli itavileta Luberizi. Kiwix, kwa mfano, programu iliyoanza mwaka 2007, inaweka Wikipedia nzima ndani ya diski bila intaneti. Ile ya Kifaransa pamoja na picha ni makumi ya GB, ile ya Kiswahili ni ndogo sana kuliko hiyo. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma biolojia hapa anaweza kuwa nayo kwenye kioo cha sebuleni, usiku, bila kununua megabaiti hata moja.

Na kwa fani yangu, kuko video za wakulima. Shirika la Access Agriculture linaweka kwenye tovuti yake video za mafunzo kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na zinapakuliwa bure. Nizungumzie kundi moja kama mhakiki. Kuko video za mbegu za mpunga zilizotengenezwa Bangladesh pamoja na wanawake wakulima wa kule, kiisha zikatafsiriwa katika lugha nyingi za Afrika. Zinaonyesha mambo rahisi: kuchagua mbegu kwa mkono, kuielea kwenye maji, kuikausha, kuihifadhi. Uzuri wake uko hapa: hakuna bwana wa koti jeupe anayefundisha. Mwanamke anakaa chini, anachambua punje moja moja, anasema kwa nini hii ina madoa na inaharibu kitalu. Maji yanatiwa chumvi, mbegu mbovu zinaelea, nzuri zinazama, unaziosha, umemaliza. Mkulima wa mfereji wa Luberizi akiona ile mikono, anajua ni mikono ya mtu anayefanya kazi sawa na yake, hata kama nguo ni ya nchi nyingine. Katika kozi zetu tulifundishwa jambo lilelile kwa jedwali na asilimia za uotaji, na sikuona mkulima hata mmoja aliyebadilisha mbegu yake juu ya jedwali.

Kundi lingine ni uhuishaji mfupi wa SAWBO, uliozaliwa kwenye vyuo vikuu vya Marekani. Wako na moja inayoonyesha namna ya kuhifadhi maharage ndani ya bidoni iliyokauka vizuri na kufungwa kabisa, mpaka wadudu wanakosa hewa na kufa. Bidoni ile ya njano! Kila nyumba hapa iko nayo. Ni dakika chache tu, mtoto anafuata, na hauhitaji kununua dawa.

Lakini hata hizi nzuri ziko na kasoro, na mhakiki asiyezitaja ni mpambe. Kiswahili chake ni cha Tanzania ama Kenya. Wanasema ekari, sisi tunapima kwa ekta na ari. Wanasema debe, mama wa soko la huku anapima kwa gigozi. Haya ni madogo, utasema, lakini mkulima akisikia kipimo asichokijua anafikiri somo si lake. Kubwa zaidi ni kwamba hazigusi shida zinazotunyima usingizi. Zamu ya maji kwenye mfereji, nani anafungua usiku na nani anaiba. Ng'ombe wanaoingia kwenye mihogo. Bei ya mpunga siku barabara ya Uvira imefungwa. Mbegu ya kupanda pale familia inaporudi kutoka ukimbizini na kukuta ghala tupu. Bangladesh haiwezi kutusemea hayo, wala Marekani.

Ni sisi. Na hapa ninawageukia ninyi wa licence, wa uchumi, wa ualimu, wa udaktari, wa kilimo sawa mimi. Kila mmoja wetu aliandika TFC, wengine mémoire. Nyingi ziliongea juu ya vijiji hivihivi. Ziko wapi? Kwenye makabati ya vyuo, kwa Kifaransa, zinakula vumbi. Nyingine zina jibu ambalo mama wa Mutarule ama wa Bwegera angelitumia kesho asubuhi. Simu tulizo nazo mfukoni zinapiga video inayotosha. Dakika tano, kwa Kiswahili chetu, ama Kifuliiru, ama Kibembe, mkulima mwenyewe anaongea, mikono yake inaonekana. Faili moja ya namna hii, ikipunguzwa ukubwa, haifiki MB 100. Inatembea kwa flashi ileile inayotembeza karate, na hakuna abonema.

Kwa hiyo mtu akikualika uone kompyuta yake iliyochukua nafasi ya dekoda, usimuulize tu ilimgharimu pesa ngapi. Muulize inakula wati ngapi, na taa ya watoto inabaki. Muulize habari inatoka wapi. Muulize nani alichagua kilicho ndani, na kama kuko hata kitu kimoja kilichotengenezwa kati ya Kamanyola na Baraka. Kiisha mupatie mama wa nyumba telekomande, ukae kimya, uangalie kama anaweza kuwasha mwenyewe na kupata anachotaka. Akiweza, mupongeze yule ndugu, amefanya kazi ya mtu aliyesoma. Akishindwa, mwambie kazi bado haijaisha, na umusaidie kuimaliza mchana ule ule.